Barua za Matope

Jumapili, 3 Septemba 1944

Daftari jipya. Nimelinunua Cambridge, hapa Uingereza, kwa mzee mmoja anayeuza vitabu vya mitumba, pamoja na kitabu cha umeme kisichokuwa na kurasa kumi na mbili za mwanzo. Mzee akaniambia hizo ni utangulizi tu, hazina maana. Kumbe ndizo zenye maelezo ya alama zote. Sasa nasoma umeme kama mtu aliyeingia sinema katikati ya picha. Lakini nasonga.

Pruitt anasema daftari lisilo na jina likiokotwa linafutiwa buti, kwa hiyo najiandika. Sajini Delbert Vanek, miaka ishirini, kutoka Nebraska, nyumba ya wakulima. Urefu wangu ni futi tano na inchi tatu, ndiyo maana nikapewa tufe. Tufe ni kile kizimba cha duara, chuma na kioo, kinachoning'inia chini ya tumbo la ndege. Ndani mna bunduki mbili na mtu mmoja aliyekunjwa, magoti karibu na masikio. Parachuti haiingii humo. Yangu hukaa juu kwa Luther Pruitt, mpiga bunduki wa ubavuni. Yeye ndiye anayenifungia kimlango na yeye ndiye anayenifungulia.

Tuko tisa kwenye ndege yetu ya mabomu. Tumeshamaliza safari kumi na tisa za kushambulia Ujerumani. Ukifikisha thelathini na tano unarudi nyumbani. Hesabu hiyo kila mtu hapa anaijua hata usingizini.

5 Septemba

Mvua.

6 Septemba

Mvua. Baiskeli yangu imeibwa. Pruitt kanitafutia nyingine ya wizi, ina breki moja.

11 Septemba

Ya ishirini. Kiwanda cha mafuta. Moshi mweusi wa mizinga ulikuwa mzito mpaka nikaona kama naweza kukanyaga juu yake. Tumerudi na matundu thelathini na moja, nimeyahesabu mwenyewe.

Kila dakika kumi rubani wetu, Luteni Ashcraft, anaita watu mmoja mmoja kwenye simu ya ndani. Juu kule oksijeni ikikatika husikii maumivu yoyote, unajisikia raha, unalala, basi umekwenda. Kwa hiyo kila mtu lazima aitike. Zamu yangu ikifika Pruitt anamwahi Luteni.

"Mfupi, uko hai au umekufa?"

"Nimekufa."

"Basi nitupie buti zako."

Luteni anatuonya tuache utani kwenye simu. Sauti yake inaonyesha naye anacheka.

15 Septemba

Barua tatu kwa mpigo. Mama anaandika kwamba yeye na mama yake Pruitt wameshabadilishana barua nane. Hawajawahi kuonana, mmoja Nebraska, mwingine milima ya Tennessee, lakini wameshakuwa mashoga. Mama zetu wote tisa wanaandikiana. Mtu akipata habari huku, mwezi haujaisha majiko tisa ya Marekani yanayo. Bi Pruitt ametuma keki ya matofaa makavu, ina jina langu na la Luther kwenye sanduku moja. Tumeila na Sajini Gundersen, fundi wetu wa ndege, akiwa amekaa kitandani kwake anatutazama. Nilimkaribisha. Akasema hapendi matofaa. Huyu mtu hapendi chochote. Ana miaka thelathini na moja na anaongea kama anakatwa mshahara kwa kila neno.

Mama haandiki kuhusu kulala ila najua halali. Tangu kaka yangu Emil apotee na meli yake kule Pasifiki mwaka jana, anakaa jikoni mpaka kunakucha.

24 Septemba, Jumapili

Nimetoka Cambridge na ruhusa ya siku mbili. Nimepata kitabu kingine cha umeme, hiki kimekamilika. Nimeingia kibandani kwetu, tunapolala, nikakuta watu wako kimya, kama watoto mwalimu akiingia. Nikauliza nani kafa. Pruitt akasema hakuna aliyekufa, kaa, vua koti, unataka chokoleti? Akanipa kipande kizima.

27 Septemba

Ya ishirini na mbili. Asubuhi kabla ya kuruka tunapewa mayai ya kweli, siku nyingine zote ni ya unga. Pruitt kanipa yake yote mawili. Amesema tumbo halikai sawa. Nikala manne. Sina aibu kwenye mayai.

28 Septemba

Leo nimeona kitu.

Imekuja ndege mpya, imeegeshwa mbali, askari mwenye bunduki anailinda. Nimezunguka na baiskeli mara tatu mpaka nikaiona tumbo. Haina tufe. Mahali pa tufe pameshushwa kitu kama pipa kubwa la mviringo, limefunikwa. Nikajua papo hapo: rada. Nimeisoma. Inatuma mawimbi chini, yanagonga ardhi, yanarudi, halafu kwenye kioo mtu anaona mto na pwani na mji, hata mawingu yakiwa mazito kama blanketi.

Nikarudi kibandani mbio nikawaeleza. Nilichora kwa mkaa sakafuni. Nilikaa nikiwaeleza karibu saa nzima jinsi mawimbi yanavyokwenda na kurudi.

"Kwa hiyo inafanya kazi kweli?" Pruitt akauliza.

"Inafanya. Ndege moja tu ikiwa nayo inaongoza nyingine zote. Hatutabaki tunangoja mawingu. Vita vitakwisha haraka, bwana."

"Na ile bunduki ya chini?"

"Ya nini? Ndege za Mjerumani zimebaki chache. Mimi ningekuwa jenerali ningeweka rada hizi kesho."

Hakuna aliyecheka. Gundersen aliinuka, akachukua kofia, akatoka kwenye mvua. Nimemwandika hapa ili nikumbuke: mtu mwenye kiburi, hataki kufundishwa na mdogo wake.

2 Oktoba

Ukungu.

3 Oktoba

Ukungu. Buti hazikauki.

7 Oktoba

Ya ishirini na nne. Sitaki kuiandika. Ndege ya kushoto kwetu ililipuka na niliona yote, mimi ndiye ninayeona kila kitu kinachokwenda chini.

9 Oktoba

Luteni Ashcraft ameniita nje, tukasimama kando ya lori la mafuta. Kwanza akaniuliza hali ya nyumbani. Nikajua kuna jambo, yeye si mtu wa kuuliza hali ya nyumbani.

"Vanek, tumechaguliwa kuwa ndege ya kuongoza," akasema. "Wanatupa ile yenye rada."

Nilifurahi. Ukweli ndio huo, na naona aibu kuuandika. Nilimshika mkono nikampongeza. Nilianza kumuuliza masafa ya mawimbi. Akaniacha niongee, halafu akatazama buti zake.

"Haina tufe," akasema.

"Najua haina, mimi mwenyewe..."

Hapo nikaelewa.

"Ni amri kutoka juu," akasema. "Mimi sina la kufanya. Utabaki kikosini kama mtu wa akiba. Yeyote atakayepungukiwa na mtu wa tufe atakuchukua. Wewe ni mzuri, watakugombania."

"Na ninyi?"

"Sisi tunaenda mazoezini mwezi mmoja. Ndege za kuongoza zinamaliza kwa safari thelathini."

Thelathini. Wao wamebakiza sita. Mimi nimebakiza kumi na moja, na watu nisiowajua.

Nilikuta vitu vyangu vimeshatolewa kibandani, vimepangwa vizuri kabisa juu ya kitanda cha kibanda namba tisa. Pruitt ndiye aliyevibeba. Soksi kazikunja mbilimbili. Nilimkuta bado anatandika blanketi.

"Amri ni amri, Mfupi," akasema. "Ningekuwa na uwezo ningeivunja hiyo rada kwa nyundo."

"Najua."

"Tuko kibanda cha pili tu hapa. Utakuja jioni tucheze karata."

Nilimfariji mimi. Nilimwambia asijisikie vibaya.

12 Oktoba

Ya ishirini na tano. Rubani mmoja Mtexas. Hawakujua jina langu, wameniita Tufe. "Tufe, uko sawa?" "Sawa." Basi.

19 Oktoba

Ya ishirini na sita, wengine tena. Aliyenifungia kimlango alikuwa anakunywa kahawa mkono mmoja. Nilimwambia aangalie lachi, lile komeo la nje, mara mbili. Akasema, "Mzee, nimeshafunga milango kabla hujazaliwa." Ana miaka kumi na tisa.

Jioni nilikwenda kucheza karata kwa wenzangu. Wameshazoea mazoezi, wanalala mpaka saa mbili asubuhi, wana rangi nzuri. Nilipoingia waliacha mazungumzo. Pruitt akanisogezea kiti cha karibu na jiko. Gundersen hakuinua macho. Nilikaa mizunguko miwili nikaondoka.

22 Oktoba

Matope. Kuna mtu amepoteza buti humo na hajaipata.

4 Novemba, hospitalini

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zitanisamehe. Wiki nzima sikuweza.

Ilikuwa ya ishirini na saba, tarehe ishirini na saba Oktoba. Rubani ni Luteni Quarles. Watu wake ni wazuri, sina ubaya nao. Ila mtu wao wa tufe aliumia Septemba, na tangu hapo walikuwa wameruka safari nyingi tufe likiwa tupu. Wamejizoeza kuitana watu wanane. Kwenye mkutano wa asubuhi nilimkumbusha Quarles kwamba leo kuna mtu chini. Akaniandika kiganjani mwake kwa kalamu. Nilimwona akiniandika.

Tulipofika juu akaita. Mkiani, sawa. Ubavuni, sawa. Redio, sawa. Akaniruka mpaka kwa fundi. Nikabonyeza nikasema, "Tufe, sawa," mwenyewe. Akaomba radhi. Mara ya pili nikajitaja tena. Mara ya tatu sikumbuki.

Mrija wa oksijeni ulikuwa umeganda. Mate yangu yaliingia ndani yakawa barafu. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nafurahi. Glavu ya kulia ilinikera nikaivua, kuna nyuzi hamsini chini ya sifuri huko, nikaivua kama mtu anayetaka kula. Nilikuwa namweleza Pruitt mambo ya mawimbi. Nilimsikia ananiuliza uko hai au umekufa, na nilikuwa najibu, najibu kabisa, kila mara.

Mpiga bunduki wao wa ubavuni, anaitwa Fenner, alitaka kukojoa. Hivyo tu. Alitoka mahali pake akaona tufe linazunguka pole pole bila mtu kulielekeza, bunduki zinatazama nyuma. Akalipandisha kwa mkono, akafungua, akanivuta kwa ukosi. Anasema uso wangu ulikuwa bluu na nilikuwa nacheka.

Vidole viwili vya kulia vimekuwa vyeusi nchani. Daktari anasema havikatwi. Nitaruka tena kabla ya mwezi kwisha.

Quarles alikuja kunitazama. Kiganjani bado kulikuwa na wino. Alilia, nami sikujua nimfanyie nini.

Pruitt hajaja. Inasemekana bado yuko mazoezini.

8 Novemba

Barua ya Mama. Nainakili hapa, yote ya maana, ili siku moja nisije nikadhani nimeiota.

"Mwanangu, Bi Pruitt ameniandikia. Luther wake alimwandikia tarehe ishirini na tano Septemba. Amemwambia kwamba wewe umeomba mwenyewe kutolewa kwenye tufe, kwa sababu ya woga, na sasa utafanya kazi chini karakana, huruki tena. Alimwomba asiseme, lakini yeye ni mama, akaona haki nijue. Delbert, usione aibu. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha. Usiku ule nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu Emil. Baba yako nimemwambia tu kwamba huruki. Sababu sijamwambia."

Tarehe ishirini na tano Septemba.

Nilitoka Cambridge tarehe ishirini na nne. Chokoleti ilikuwa tarehe ishirini na nne. Mayai, tarehe ishirini na saba. Tarehe ishirini na nane nilipiga magoti sakafuni na kipande cha mkaa nikawachorea kitu kitakachokaa mahali pangu, na wote walikuwa wanajua, na waliniacha nichore. Pruitt hata alinitupia swali, "Kwa hiyo inafanya kazi kweli?"

Mimi na woga. Mimi niliyemfariji.

9 Novemba

Nimetoroka wodini na nguo za kulalia ndani ya koti. Pruitt hakuwepo. Gundersen alikuwepo peke yake, anashona kifungo.

Nikamsomea tarehe. Nikamuuliza ilikuwaje amri kutoka juu ifike kwa Pruitt wiki mbili kabla haijafika kwangu.

Akakata uzi kwa meno. "Haikuwa amri," akasema.

"Ilikuwa nini?"

"Walituuliza. Ukiwa Cambridge. Luteni alikuja akasema tunaweza kuwa ndege ya kuongoza, tumalize thelathini, lakini tufe linatoka. Au tukatae, tubaki tisa, tumalize thelathini na tano. Akasema tunyooshe mikono."

"Wangapi?"

"Saba."

"Na Pruitt?"

Akanitazama, nadhani ni mara ya kwanza ananitazama sawasawa. "Wa kwanza. Alisema yeye ndiye rafiki yako, na kama yeye ameweza, sisi wengine tusijione wabaya."

Saba kati ya wanane. Nikaelewa nani hakunyoosha. Nikaanza kumwambia asante, akanikatiza.

"Usinishukuru. Sikunyoosha mkono, lakini na mdomo sikuufungua. Siku ile ya michoro yako nilitoka nje kwa sababu nilishindwa kukaa. Ningeweza kukuambia. Sikukuambia. Niweke kwenye kundi lao."

Halafu akaniambia nirudi wodini, nitapata homa ya mapafu.

11 Novemba

Amekuja mwenyewe. Gundersen lazima alimwambia. Alikaa pembeni ya kitanda, kofia mkononi, mrefu mpaka magoti yanagusa kitanda cha jirani.

"Nina mtoto, Mfupi," akasema. "Kazaliwa Agosti, hata uzito wake naujua kwa barua. Safari tano ni safari tano."

"Hilo ningelielewa."

"Nilidhani watakuweka chini. Haki ya Mungu nilidhani hivyo. Kikosi kina watu wa tufe wengi. Sikujua watakuazima kama jembe."

"Hilo pia ningelielewa, Luther. Ungekuja ukaniambia nimenyoosha mkono, nina mtoto. Ningekutukana siku mbili, ya tatu tungecheza karata. Kwa nini ulimwandikia mama yako kwamba mimi mwoga?"

Muuguzi alipita na sinia akarudi.

"Ungemwambiaje mama yako?" akasema. "Mama yangu anakuombea wewe kwa jina. Anapika keki anaandika majina mawili. Nimwambie nimemtoa Del? Angeniuliza kwa nini. Nikaandika la kwanza lililokuja."

"La kwanza lililokuja ni kwamba mimi mwoga."

"Sikujua wanaandikiana mpaka mambo hayo."

"Hata ulipokula ile keki ya majina mawili ulikuwa hujui?"

Hapo ndipo aliposema neno ambalo silisamehe. Si ule mkono. Ni neno hili. Aliinama akasema kwa upole kabisa, "Nikimwandikia ukweli leo, utafika kwa mama yako kabla ya Krismasi. Sema tu, naandika sasa hivi, kalamu hii hapa. Lakini mama yako analala sasa, si ndiyo? Unataka aache kulala?"

Yaani ameshika shingo ya mama yangu na ananiuliza mimi kama akaze au alegeze.

Nilimwambia atoke.

14 Novemba

Nimeanza barua ya kumweleza Mama. Nimechana.

15 Novemba

Nimechana.

16 Novemba

Nimeandika kurasa nne, nzuri, kila kitu kimo, kura, tarehe, mrija ulioganda, kwamba sijawahi kuomba kutolewa popote na kwamba nimebakiza safari nane. Nikaisoma kama vile mimi ndiye Mama, jikoni, saa tisa za usiku. Nilifika kwenye neno nane nikachana.

21 Novemba

Ya ishirini na nane. Na Quarles, kwa ombi langu. Anapoita anaanza na tufe kabla hajamwita mtu yeyote. Fenner ananifungia lachi mara tatu.

29 Novemba

Barua ya Mama. Amekunywa chai kwa Bi Kolar baada ya kanisa. Bi Kolar ana mwana kwenye vifaru. Alisema mbele za wanawake wote kwamba wengine wanapigana na wengine wanafagia. Mama anasema alimjibu: "Afadhali mwoga wangu aliye hai." Anaandika hilo kwa fahari, anataka nijue jinsi alivyonitetea.

Nilitembea mpaka mwisho wa njia ya kurukia ndege na kurudi. Kwetu ni watu mia sita. Sasa hivi wote mia sita wanajua mimi ni nani.

30 Novemba

Nimemjibu. "Mama mpenzi, huku ni matope tu. Leo nimesafisha bunduki kumi na mbili. Karakana ina jiko zuri. Nasoma umeme."

Nimeipeleka posta kabla sijabadilisha mawazo.

3 Desemba

Ukungu.

4 Desemba

Ukungu. Barua ya matope.

9 Desemba

Ukungu. Barua ya matope. Nimegundua mtu anaweza kuandika kurasa mbili kuhusu matope bila kurudia. Yako yanayonyonya na yako yanayoteleza.

18 Desemba

Wenzangu wamemaliza. Ya thelathini. Walipita juu ya uwanja chini chini, wanarusha fataki nyekundu na kijani, kila mtu nje anapiga kelele. Nilihesabu injini zote nne na nikashukuru Mungu wamerudi, halafu nikakasirika kwamba nimeshukuru.

Walinialika chakulani. Luteni Ashcraft alimtuma mtu mara mbili. Sikwenda. Gundersen alikuja na kipande cha nyama kati ya sahani mbili, akaiweka juu ya jiko langu, akakaa mpaka nikamaliza kula. Kabla ya kutoka aliosha sahani zote mbili.

22 Desemba

Pruitt ameondoka leo. Alikuja na begi begani.

"Wananipeleka kwanza kambi ya magharibi, treni itapita Nebraska," akasema. "Naweza kushuka. Nimwone mama yako, nimwambie chochote unachotaka. Ukweli, uongo, wewe useme."

Uso wake ulikuwa umekonda. Nadhani alikuwa anasema kweli. Nadhani hata siku ya chokoleti alikuwa ananipenda kweli, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba alinyoosha mkono ule ule.

"Usishuke," nikamwambia.

"Mfupi."

"Atakupikia. Atakuuliza kama nakula vizuri. Utakaa kwenye kiti changu unajibu. Usishuke, Luther. Pita moja kwa moja."

Akanyoosha mkono wa kuagana. Niliutazama. Wangu niliuacha mfukoni, nikamwambia vidole vinauma. Ni kweli vinauma.

25 Desemba

Ya ishirini na tisa ilikuwa jana. Ndege zote za uwanja ziliruka, hata zile mbovu. Sina nguvu ya kuandika.

2 Januari 1945

Barua ya matope. Nimeongeza theluji kidogo ili ibadilike.

6 Januari

Bahasha ndogo, mwandiko nisioujua. Nilidhani ni ya serikali. Ni Baba.

Baba hajawahi kuniandikia. Alisoma mpaka darasa la nne na hutia saini kama anachimba shimo. Nainakili na makosa yake nimeyatoa.

"Delbert. Gazeti la kaunti limetoa majina ya vijana waliopewa nishani ya anga. Jina lako limo, kwa safari ishirini na tano, na tarehe ni ya mwezi wa kumi. Nimeliona mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye ninayekwenda posta. Nikarudi dukani nikachukua yote yaliyobaki, na la kasisi nikaliomba. Nimeyachoma ghalani. Kwa hiyo unaruka. Nilikuwa najua hukuomba kushuka, wewe hata juu ya kinu cha upepo ulikuwa hushuki ukiitwa. Mama yako analala. Ananenepa kidogo. Endelea kumwandikia hivyo hivyo unavyomwandikia. Watu hapa wanasema yao na mimi nakaa nawasikiliza. Ni vigumu kuliko nilivyofikiri. Sitakuandikia tena kwa sababu ataiona kalamu imetumika. Baba."

Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeisoma tena. Fenner aliniuliza kama ni habari mbaya. Nikasema hapana, ni gazeti tu la kwetu.

Nimeichoma kwenye jiko langu kama alivyofanya yeye. Kisha nikachukua karatasi nikamwandikia Mama kwamba karakana wamenipandisha, sasa nina funguo za stoo, na kwamba amsalimie Bi Kolar. Nilikaa kidogo juu ya hilo jina. Nikaliacha libaki.

Jioni nimekwenda kuangalia ubao wa majina ya watakaoruka. Kesho niko na Quarles. Ya thelathini. Hapa ndipo wenzangu walipofunga mabegi.